Kisa cha Clayton, 1816: mteja aliyeendelea kuweka fedha benki baada ya mbia tajiri kufariki

Mwishoni mwa Novemba 1809 alifariki William Devaynes, mfanyabiashara na mbunge wa Uingereza. Alikuwa mkurugenzi wa Kampuni ya India ya Mashariki, na mara tano alikalia kiti cha uenyekiti wake. Alikuwa pia mbia katika benki ya Pall Mall, London, iliyoitwa Devaynes, Dawes, Noble na wenzao, na jina lake ndilo lililotangulia. Msomaji wa Afrika ana haki ya kujua jambo moja zaidi kumhusu: katika ujana wake aliishi miaka mingi Ouidah, pwani ya Dahomey, nchi tunayoiita Benin leo, akisimamia ngome ya Waingereza iliyokuwa kituo cha biashara ya watumwa. Hukumu ninayoichambua hapa haimgusi kwa hilo hata kidogo. Inamgusa kama marehemu aliyeacha mali nyingi, wakati benki aliyoiacha ilikuwa inaelekea shimoni.

Benki ile ilikuwa na wabia watano. Baada ya kifo cha Devaynes wanne waliobaki waliendelea na kazi, milango wazi, jina lile lile. Miezi minane baadaye, Julai 1810, walitangazwa kuwa wamefilisika. Mwaka ule ulikuwa wa misukosuko mikubwa ya biashara Uingereza, na nyumba nyingi za fedha zilianguka pamoja nao. Wateja waliokuwa na fedha zao mle ndani waligeuka wadai, na swali la kila mdai likawa moja: nani ana mali ya kunilipa?

Wabia wanne walikuwa muflisi. Mali iliyobaki nje ya ufilisi ilikuwa ya marehemu, mikononi mwa wasimamizi wa mirathi yake. Kesi nzima ya Devaynes dhidi ya Noble inatoka hapo.

Ili tuelewe kwa nini mali ya mtu binafsi iliweza kudaiwa kwa deni la benki, ni lazima tukumbuke benki za wakati ule zilikuwa vitu gani. Sheria ya Uingereza, kwa ajili ya kuilinda Benki Kuu ya nchi hiyo, ilikuwa inazuia ubia wa watu zaidi ya sita kufanya biashara ya benki ya kutoa noti, na zuio hilo halikulegezwa hadi 1826. Kwa hiyo benki za kawaida zilikuwa ubia mdogo wa watu wanaojulikana kwa majina na sura, na kila mbia aliwajibika kwa madeni yote ya benki kwa kila alichonacho: nyumba, shamba, vito vya mkewe. Mteja aliyekabidhi fedha zake Pall Mall hakuwa ameziamini kuta za jengo. Aliwaamini watu watano, na bila shaka wengi walimwamini zaidi yule mwenye jina la kwanza.

Clayton alikuwa mmoja wa wateja hao. Siku Devaynes alipofariki, benki ilikuwa inadaiwa na Clayton zaidi kidogo ya pauni 1,700. Hakukimbilia kufunga akaunti. Alianza kwa kutoa fedha, na kabla hajaweka hata senti mpya alikuwa ameshatoa kiasi cha kubakiza kama pauni 450 tu za lile deni la zamani. Kisha akaendelea kama mteja yeyote: anaweka, anatoa, anaweka tena. Ukijumlisha yote aliyoyatoa tangu siku ya kifo hadi benki ilipoanguka, yanazidi zile pauni 1,700. Lakini katika miezi hiyo hiyo alikuwa ameingiza fedha mpya, na siku ya kuanguka benki bado ilikuwa na deni kwake.

Hapo ndipo penye fundo. Fedha alizoingiza Clayton baada ya Novemba 1809 lilikuwa deni la wabia wanne walio hai. Devaynes hakulipokea, hakuwa mbia tena, alikuwa kaburini. Kwa deni hilo mali ya mirathi haikuweza kuguswa. Clayton angeweza kuifikia mali ya marehemu kwa njia moja tu, nayo ni kuonyesha kwamba zile pauni 450 za zamani hazijawahi kulipwa, bado zimekaa pale pale, na kila alichokitoa baadaye alikitoa katika fedha mpya.

Hata kufika mahakamani kwa dai hilo kulihitaji njia maalumu. Katika mahakama za sheria ya kawaida ya Uingereza, deni la ubia lilikuwa la wote kwa pamoja, na mbia akifa deni lilibaki kwa walio hai peke yao. Mirathi yake ilikuwa huru. Mahakama ya Chancery, iliyohukumu kwa kanuni za usawa, iliona mambo kwa jicho jingine: deni la wabia ni la wote na pia ni la kila mmoja, kwa hiyo kifo hakiifuti sehemu ya marehemu. Wadai walikwenda Chancery kwa sababu hiyo, na kesi ikaangukia kwa Sir William Grant, jaji aliyekuwa na cheo cha Master of the Rolls tangu 1801. Grant alikuwa Mskoti, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa Quebec akiwa bado kijana, na alisifika kwa kusikiliza mawakili kimya hadi mwisho kisha kutoa hukumu fupi iliyonyooka. Hukumu hii ya 1816 ni kielelezo kizuri cha sifa hiyo.

Wadai walikuwa wengi, na kuwasikiliza mmoja mmoja kungechukua umri wa mtu. Ofisa wa mahakama akawagawa katika makundi kulingana na walichokifanya baada ya kifo, na kila kundi likapewa mtu mmoja wa kuliwakilisha. Kila kundi likazaa kisa chake ndani ya kesi moja. Cha Clayton ndicho kilichopata umaarufu, lakini nashauri kisomwe kikiwa bega kwa bega na kile cha mdai aliyeitwa Sleech, maana tofauti yao ndiyo inayofundisha.

Sleech naye alikuwa na fedha benki siku ya kifo. Naye aliendelea na wabia waliobaki, akatoa sehemu ya fedha zake, wala hakumwendea mtu wa mirathi kudai. Lakini hakuweka fedha mpya. Wasimamizi wa mirathi walisema kwamba kwa kuendelea na benki alikuwa amewakubali wabia wanne kuwa wadaiwa wake wapya na amemwachilia marehemu. Grant alikataa. Mdai hapotezi haki yake dhidi ya mirathi kwa sababu tu amesubiri miezi michache au amepokea malipo kidogo kidogo kutoka kwa walio hai. Alichokwisha kupokea kinapungua kwenye deni, kilichobaki bado ni deni la marehemu. Sleech alishinda.

Kwa hiyo Clayton hakushindwa kwa sababu ya kuendelea na benki. Alishindwa kwa sababu ya kuweka.

Mawakili wake walijenga hoja nzuri, na naisimulia kwa heshima kwa sababu si hoja ya kitoto. Mtu mwenye madeni mawili kwa mdai mmoja akilipa fedha, walisema, ana haki ya kusema analipa lipi. Asiposema, haki hiyo inahamia kwa mdai, naye anaweza kuitumia hata baadaye. Hapa wabia wanne walikuwa na madeni mawili kwa Clayton: la zamani, linalomgusa marehemu, na jipya, lililo lao peke yao. Walimlipa bila kusema wanalipa lipi. Basi Clayton achague sasa, na anachagua kwamba walikuwa wanalipa deni jipya, ili lile la zamani libaki na dhamana ya mali ya Devaynes. Kuna mdai gani mwenye akili ambaye angechagua kinyume chake?

Grant aliipima hoja hiyo kwa uangalifu. Alirudi hadi kwenye sheria ya Warumi, ambayo pande zote zikinyamaza ilikuwa inaangalia faida ya mdaiwa na kulipunguza deni lililomlemea zaidi. Akatazama pia kesi za Kiingereza zilizompa mdai uhuru mkubwa wa kuchagua. Kisha akasema kwamba yote hayo yanahusu madeni yaliyo mbalimbali, kila moja na mwili wake. Akaunti ya benki haiko hivyo. Fedha zote zinazoingia, alisema, zinakuwa mfuko mmoja uliochanganyika, na sehemu zake hazina tena uhai wa pekee. Hakuna mwenye benki wala mteja anayefikiria kusema kwamba hundi hii itoke kwenye pauni 500 zilizowekwa Jumatatu, na ile itoke kwenye pauni 500 za Jumanne. Kuna pauni 1,000 za kutoa, na hilo linatosha.

Kama ni hivyo, malipo yanapangwa na kitu gani? Na mfuatano wa maandishi ya daftari lenyewe. Kilichowekwa kwanza ndicho kinachochukuliwa kuwa kimetolewa kwanza. Deni la kwanza upande mmoja wa leja linapunguzwa na malipo ya kwanza upande wa pili, na tendo lile lile la kuziandika hesabu hizo mbili zikikabiliana ndilo upangaji. Huwezi, akasema, kuisoma akaunti kinyumenyume na kuliweka salio kichwani badala ya miguuni.

Ukiipitisha akaunti ya Clayton katika kanuni hiyo, jibu linatoka lenyewe. Malipo aliyoyapokea tangu Novemba 1809 yalizidi deni la siku ya kifo. Yalianza kulila deni la zamani, yakalimaliza lote, zile pauni 450 zikiwemo. Kilichobaki Julai 1810 ni fedha mpya, deni la wabia muflisi. Mirathi ya Devaynes ilikuwa huru kwake.

Je, ilikuwa haki? Nimeisoma hukumu hii mara nyingi na bado inanichoma upande wa Clayton. Mtu aliyeendelea kuiamini benki na kuiletea fedha ndiye aliyepoteza, na aliyekuwa anatoa tu ndiye aliyelindwa. Benki iliyumba kwa makosa ambayo Clayton hakuwa na uwezo wa kuyaona akiwa upande wa nje wa kaunta, na jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa bado la marehemu.

Lakini upande wa pili una uzito ambao watu wengi hawaupimi. Warithi wa Devaynes hawakuwa na kiti ndani ya benki. Hawakuona vitabu, hawakuweza kuwazuia wabia kukopesha ovyo, hawakupata faida ya fedha mpya. Kama Clayton angeruhusiwa kuchagua baada ya matokeo kujulikana, mirathi yoyote ya mbia ingebaki imefungwa kwa madeni ya zamani kwa miaka, hata kama kila mteja amekwishalipwa mara tatu ya alichokuwa akidai siku ya kifo. Kila fedha iliyolipwa ingehesabiwa kuwa ya deni jipya, na deni la zamani lingekuwa halifi kamwe. Kwa hiyo naona Grant alikuwa sahihi kati ya Clayton na mirathi ile. Tena hakufunga mlango. Kanuni yake ni dhana tu: neno moja la mteja kwa benki, au akaunti mpya iliyofunguliwa siku ya kifo na ya zamani kusimamishwa, lingeyageuza matokeo yote.

Ninachokipinga ni safari iliyofuata. Kanuni iliyozaliwa kati ya benki na mteja wake ilianza kupelekwa katika nyumba ambazo haikujengewa. Katikati ya karne ya 19 mahakama za Uingereza ziliitumia hata pale mdhamini, yaani mtu aliyekabidhiwa fedha za mwingine azitunze, alipochanganya fedha hizo za amana na zake katika akaunti moja. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: fedha za mwenye amana zikiwa zimeingia kwanza, basi ndizo zilizochukuliwa kuwa zimetumiwa kwanza, na fedha za mdhamini mwenyewe ndizo zilizosalimika. Wadai wake wakifika, wanakuta mali.

Hilo lilinyooshwa mwaka 1880 katika mirathi ya Hallett. Hallett alikuwa wakili aliyeshika hati za dhamana (bondi) za mteja wake, Bi Cotterill, akaziuza bila idhini na kuingiza fedha kwenye akaunti yake binafsi benki. Akafariki na madeni mengi kuliko mali. Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Jessel, ilisema mtu akiweza kulifanya jambo kwa haki hasikilizwi anapodai kwamba alilifanya kwa dhuluma. Fedha alizokuwa anazitumia zichukuliwe kuwa zake mwenyewe, za amana zibaki. Mfuatano wa tarehe ukawekwa kando, na wadai wa kawaida wa Hallett wakasubiri nyuma ya wenye amana. Mwaka 1897 Baraza la Malodi, wakati ule mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likaongeza mpaka mwingine: palipo na madeni mbalimbali yasiyo akaunti moja endelevu, mdai aliyenyamaziwa anabaki na uhuru wa kuchagua, na kanuni ya Clayton haina kazi hapo.

Kwenye nyumba yake yenyewe, hata hivyo, kanuni ilibaki kali, na mwaka 1912 iliiuma benki. Katika shauri la Deeley dhidi ya benki ya Lloyds, mteja alikuwa ameiwekea benki rehani ya mali yake kwa deni la akaunti, kisha akaiweka rehani ya pili kwa dada yake. Benki ilipewa taarifa ya rehani ya pili lakini haikuisimamisha akaunti. Mteja akaendelea kuweka na kutoa, halafu akafilisika. Kila alichokiweka baada ya taarifa kilikuwa kinalipunguza deni la zamani lililotangulia rehani ya dada, na kila alichokitoa kilikuwa deni jipya lililo nyuma yake. Fedha alizoweka zilipofikia kiasi cha deni la siku ya taarifa, nafasi ya kwanza ya benki ilikuwa imeyeyuka. Dada alishinda. Tangu hapo ofisa wa mikopo anayeijua kazi yake akipata taarifa ya rehani ya pili, ya kifo cha mbia au ya mdhamini wa mkopo kujitoa, anaipigia mstari akaunti ya zamani na kuanza nyingine. Fomu nyingi za dhamana za benki zina sharti la kuiruhusu benki kufanya hivyo, au kuhesabiwa kana kwamba imefanya hata kama imesahau. Mtu anayetia saini udhamini wa mkopo wa ndugu yake aitafute ibara hiyo, kwa sababu inamnyima kinga ambayo warithi wa Devaynes waliipata.

Haya hayako mbali na mahakama zetu. Sheria ya Mahakama ya Kenya ya 1967 inawaelekeza majaji, pale sheria za nchi ziliponyamaza, kwenye sheria ya kawaida na kanuni za usawa za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kwa Tanzania Bara tarehe ni 22 Julai 1920. Hukumu ya 1816 inapita katika milango yote miwili. Tanzania ina kitu cha ziada: Sheria yake ya Mikataba, ambayo asili yake ni sheria ya India ya 1872, ina vifungu vya kupanga malipo. Mdaiwa akisema analipa lipi, afuatwe. Akinyamaza, mdai achague. Wote wakinyamaza, malipo yaende kwa mfuatano wa wakati, na madeni ya umri mmoja yapunguzwe kwa uwiano. Kenya nayo ilitumia sheria hiyo ya India hadi mwisho wa 1960, kisha ikahamia moja kwa moja kwenye sheria ya mikataba ya Kiingereza.

Swali linalobaki wazi, na ndilo linalonishughulisha kuliko yote, ni la wenye fedha wengi wasio na hatia katika akaunti moja. Fikiria chama cha akiba. Asha ameweka shilingi 100,000 Januari, Juma 100,000 Februari, na Machi mweka hazina anatoroka na 100,000. Ukimfuata Grant neno kwa neno, fedha ya Asha ndiyo iliyoondoka, na Juma anachukua yote iliyobaki. Ukigawa kwa uwiano, kila mmoja anapata 50,000. Hakuna kati yao aliyekubali kwamba tarehe ya kuweka iwe kipimo cha nani afe njaa. Hakukuwa na mazungumzo kati ya Asha na Juma kama yale ya kimyakimya kati ya mteja na benki yake, ambayo ndiyo msingi wote wa hukumu ya 1816. Baada ya kampuni ya uwekezaji ya Barlow Clowes kuporomoka mwaka 1988, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kugawa kilichobaki kwa mfuatano wa tarehe na ikaamuru uwiano, kwa sababu mfuko ulikusudiwa kuwa wa pamoja na hesabu ya tarehe ingeleta dhuluma. Hata hivyo, mahakama haikuiondoa kanuni kabisa. Iliiacha kama mahali pa kuanzia, panapoweza kuachwa kukiwa na sababu. Kwa akaunti za namna hiyo mimi nasema ianzwe upande wa pili: uwiano ndio uwe wa kwanza, na anayetaka mfuatano wa tarehe ndiye alete ushahidi kwamba wenye fedha wenyewe waliutaka.